Sampo ya Gari la Baba

Baba yangu hakupenda gari la automatiki. Alikuwa fundi wa malori maisha yake yote, kwanza Iringa, kisha barabara ya kwenda Zambia, na kwake gari lisilo na klachi lilikuwa gari la watu wavivu. Lakini goti lake la kushoto liliharibika kwa miaka ya kulala chini ya malori kwenye saruji ya baridi, na alipostaafu na kuhamia nyumba aliyojenga Gongo la Mboto, daktari alimwambia klachi sasa basi. Akanunua gari dogo jeupe la Kijapani, la automatiki. Siku lilipofika alilizunguka uani kimya kimya, kama mtu aliyeozeshwa mke ambaye hakumchagua.

Mie ni mtoto wake wa pili. Wa kwanza ni kaka yangu, dereva wa mabasi, anaishi Mwanza. Mie ni fundi wa magari. Naisema sentensi hiyo kwa urahisi sasa, ila nyumbani kwetu ilichukua miaka watu kuizoea, na baba hajaitamka mpaka leo. Nilipomaliza kidato cha nne alinitafutia mahali pa kujifunza cherehani, kwa mama mmoja wa kanisani kwetu. Nilikwenda, nikashona mifuko ya mito na sketi mbaya, nikarudi nikamwambia nataka chuo cha ufundi, nisomee makenika. Alikuwa anakula. Hakuinua macho.

"Mkono wa mwanamke ni wa kushika mwiko," alisema. "Spana itakuchubua, halafu nani akuoe?"

Mama ndiye aliyenipeleka chuoni kujiandikisha. Kwa baba alisema ananipeleka hospitali.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba huo ufundi alikuwa tayari kuutoa, ila si kwangu. Kaka alifundishwa kila kitu. Baba alimwita chini ya lori kila likizo, akamwonyesha breki, akamwonyesha injini, na kaka alikuwa anapiga miayo na kutazama saa. Alichukia grisi kwenye kucha. Mie nilikuwa nakaa kizingitini nachambua mchicha, nasikiliza, na nikiuliza swali baba ananiambia nitazame mboga isiingie mchanga.

Nilipotoka chuo nilipata kazi kwenye gereji moja Mtoni, pembeni ya barabara ya Kilwa. Mafundi wenzangu, wanaume watupu, walikuwa wanaogopa gia boksi za automatiki. Ukikosea injini unaweza kurudi nyuma, walisema, lakini automatiki ikikukataa imekukataa. Basi kila iliyokuja wakanisukumia mie, wakidhani wananionea. Nilijichimbia humo. Baada ya muda wateja wakawa wanakuja wanamuulizia "yule dada wa gia boksi," na wale wale walionisukumia wakawa wananiita niwatazamie kazi zao.

Baba alijua yote hayo. Aliyasikia kwa watu. Hakuuliza.

Gari lake lilianza kuvuja mwaka wa pili. Nilikuwa nimekwenda kuwasalimia Jumapili, nikaona oili nyekundu chini ya bodi, kwenye mchanga. Niliinama nikachungulia. Ilikuwa inatoka kwenye sampo, yaani lile bakuli la bati linalofungwa chini ya gia boksi na kubeba oili yake. Gasketi, ule utepe wa mpira unaokaa kati ya bakuli na gia boksi, ilikuwa imechoka. Ni ugonjwa wa kawaida kabisa, na dawa yake ni ya asubuhi moja.

"Baba, niletee gari Mtoni kesho," nilimwambia.

"Nina mafundi wangu," akajibu.

Mafundi wake walikuwa Tandale, vijana wanaotengeneza pikipiki na bajaji karibu na soko, mmoja wao mtoto wa rafiki yake wa zamani. Wakaifungua sampo, wakapaka silikoni juu ya gasketi ile ile, wakakaza. Ikavuja. Akaenda kwa mwingine huku huku barabara ya Pugu. Huyo naye akapaka silikoni zaidi, akakaza zaidi. Nilipokwenda tena niliiona imetokeza pembeni, nyeusi, kama uji uliofurika kwenye sufuria. Ilikuwa inavuja kuliko mwanzo.

"Baba, hiyo silikoni itaingia ndani, itaziba chujio."

"Wewe na wenzako mmesoma sana," alisema. "Malori yangu yote yalifungwa kwa silikoni na yalifika Lusaka."

Sikubishana. Ningemwambia nini? Kwamba gia boksi ya lori lake na hii ni vitu viwili, naye ni fundi? Nikaenda kumsaidia mama kupika.

Kilichotokea ndicho nilichokuwa nakiogopa. Asubuhi moja baba alikuwa anampeleka mama kliniki ya presha. Kwenye kilima, gari likaanza kunguruma bila kwenda. Akikanyaga mafuta injini inapiga kelele, magurudumu hayasikii. Likarudi nyuma kidogo, mama akapiga yowe, magari ya nyuma yakapiga honi. Wapita njia ndio waliolisukuma mpaka pembeni, na baba akateremka akasukuma nao, mzee na goti lake, kwa sababu hakutaka kuonekana amekaa ndani. Walipofika nyumbani goti lilikuwa limevimba kama fenesi.

Mama alinipigia simu. "Njoo utengeneze gari la baba yako."

"Yeye amesema?"

"Mie ndiye ninayekuita. Gari hilo hilo ndilo linalonibeba mie."

Nilikwenda Jumamosi na vifaa vyangu. Kaka alikuwa amefika siku hiyo hiyo kutoka Mwanza kwa mapumziko. Alinikumbatia, akasema, "Sista, umekuwa gangwe," kisha akarudi barazani kwenye simu yake. Baba alikuwa chumbani, mguu juu ya mto, na dirisha la chumba hicho linatazama uani. Nilimsalimia kutoka nje.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Pazia halikusogea.

Nilipandisha gari kwenye stendi za chuma, nikalala chini. Nililegeza bolti za upande mmoja zaidi ili sampo iiname na oili imiminike taratibu kwenye karai. Ilitoka nyeusi, inanuka kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Sampo iliposhuka nilikaa nayo mapajani nikaigeuza, na kazi ya wale mafundi wote ilikuwa pale, wazi. Kila tundu la bolti lilikuwa limedidimia. Kila aliyeona inavuja alikuwa ameongeza nguvu, na bati ukilikaza kupita kiasi haliwi na subira: linapinda, linaacha mwanya kati ya bolti na bolti, na oili inapita hapo ikicheka. Ndani, vipande vya silikoni vilikuwa vimenyonywa mpaka kwenye chujio, vimelifunika kama utando juu ya chai ya maziwa. Ndiyo maana gari liligoma kilimani. Gia boksi ilikuwa inakosa oili huku oili ipo.

Nilikwangua mabaki kwa kipande cha plastiki, si bisibisi, maana uso wa juu, wa gia boksi, ni wa alumini na ukiuchora mchirizi umeshaitengenezea oili njia. Nikaosha kwa petroli, nikafuta, nikaosha tena mpaka kitambaa kikapita na kurudi cheupe. Ukingo wa sampo nikaulaza juu ya kipande cha chuma bapa nilichokuja nacho, nikagonga kila tundu kwa nyundo ndogo, polepole, mpaka likarudi usawa, nikaweka rula ya chuma juu yake na kuchungulia kama mwanga unapita. Chujio jipya. Gasketi mpya, kavu, bila silikoni hata chembe, kwa sababu gasketi ya namna ile ukiipaka kitu inateleza na kujikunja unapokaza. Bolti zote nikaziingiza kwa vidole kwanza. Kisha spana, kuanzia katikati kwenda nje, huku halafu kule ng'ambo, kidogo kidogo, nikirudia.

"Hujakaza hiyo."

Sauti ilitoka dirishani. Niligeuza shingo. Pazia lilikuwa limevutwa pembeni na baba alikuwa amekaa kitandani, ananitazama. Sijui alikuwa amekaa hivyo kwa muda gani.

"Nimekaza, baba."

"Kwa nguvu hizo? Itavuja kabla ya jioni."

Nilikuwa na spana ya kupimia nguvu, inayolia tiki ukifika kiwango. Nilimwinulia aione. Alifyonza. Lakini hakufunga pazia. Aliangalia mpaka nilipomaliza, aliangalia nilipomimina oili mpya, aliangalia nilipowasha na kupitisha gia zote moja moja huku nimeshika breki, nikapima oili injini ikiwa ya moto. Mwisho nikapaka poda ya mtoto pembeni mwa sampo yote, ili tone likitoka lijichore. Nilipotoka kunawa, pazia lilikuwa limeshafungwa.

Kesho yake, kabla ya ibada, nilipita nikalala chini tena. Poda ilikuwa nyeupe pee. Sikusema kitu kwa mtu. Nilitaka aseme yeye.

Siku hiyo mama alipika pilau, kwa sababu kaka alikuwa amekuja na watu wa kanisani walitaka kumsalimia. Alikuja pia jirani yetu, mzee wa Kiarabu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, rafiki wa baba. Familia yake imekuwa Dar tangu babu wa babu yake, na huwezi kumkuta hana neno jema mdomoni. Nilikuwa nazunguka na birika na beseni nikiwanawisha wageni. Nilipomfikia yeye alikuwa anamwambia baba:

"Nimeliona gari lako asubuhi limepita, linakwenda kama maji. Umepata fundi?"

"Kijana wangu," alisema baba. Alinyoosha kidole kwa kaka. "Alipofika tu jana akaingia chini. Damu ni damu, mzee mwenzangu. Nilimfundisha mwenyewe."

Nilikuwa namimina maji kwenye mikono ya yule mzee. Sikumwaga. Nilimtazama kaka. Alikuwa na sahani mkononi, finyango ya nyama imesimama njiani kuelekea mdomoni. Alinitazama na yeye, kwa muda wa kutosha kabisa kusema jina langu. Kisha akasema:

"Aa, kazi ndogo tu ile, wazee."

Watu wakacheka kwa furaha. Mwingine akampiga bega. Mama alikuwa mlangoni ameshika bakuli la kachumbari, akaingia ndani nalo. Mie nikasogea kwa mgeni aliyefuata, nikamwinamia, nikamnawisha.

Jioni nilimfuata kaka nyuma ya nyumba.

"Kwa nini hukusema?"

"Sista, mambo madogo hayo. Mzee alifurahi. Ulitaka nimkate mbele ya wageni?"

"Nilitaka useme ukweli."

"Wewe unajua umefanya wewe, mie najua, mama anajua. Haitoshi?"

Haikutosha. Nilimwambia hivyo, akaniambia nimekuwa na roho ngumu tangu nianze kazi na wanaume. Akaondoka kesho yake alfajiri. Baba alimsindikiza mpaka kituoni kwa gari lile.

Haukupita muda mrefu baba akanipigia simu gereji. Nilishtuka, kwa sababu alikuwa hajawahi kunipigia. Huwa namsikia sauti nyuma ya mama. Alisema yule jirani yetu gari lake nalo ni automatiki, na limeanza kuvuja chini vile vile.

"Kaka yako yuko mbali," alisema. "Muulize alivyofanya kwenye langu, uje ufanye hivyo hivyo kwenye la mzee."

Nilikuwa na oili mpaka kwenye viwiko. Nilishikilia simu kwa bega.

"Baba, kaka hajui alivyofanya."

"Hajui nini?"

"Hajagusa gari lako. Ulikuwa dirishani. Uliniona."

Nilisikia redio yake, na jogoo wa jirani.

"Kama hutaki kumsaidia mzee wa watu, sema hutaki," alisema, akakata.

Akaenda kumwambia rafiki yake kwamba nimekataa, kwamba kazi nyingi zimenitia kiburi. Hilo nililisikia baadaye. Wakati huo nilijua tu kwamba mzee hakuja. Alilipeleka gari kwa fundi mwingine, na fundi akafanya kile wanachofanya: silikoni ya kutosha kujengea nyumba, na spana ndefu.

Alikuja kwangu gari likiwa linavutwa kwa kamba. Hakujua anakuja kwangu. Mteja mmoja wa dukani kwake alimwambia Mtoni kuna mwanamke anajua gia boksi, akafuata maelezo mpaka akasimama mbele yangu, nimevaa ovaroli, nywele zimefungwa kitambaa. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Shikamoo mzee," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ni wewe?"

Nilimwekea benchi kivulini. Nilipoishusha sampo nilimwita aone mwenyewe: silikoni imejikusanya kwenye chujio, na chini ya oili unga mzito mweusi, ule wa klachi za ndani zilizosagika. Nilimwambia ukweli, kwamba hapa kufunga sampo peke yake hakutasaidia tena, gia boksi yenyewe imeungua. Ingeletwa mwanzoni ingekuwa kazi ya asubuhi.

Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kwa adabu yake ile ile:

"Na ile ya baba yako, mwanangu, nani aliifunga?"

Ningeweza kusema kaka. Nililifikiria, nakiri, kwa muda mfupi sana. Lakini nilikuwa nimeshika bati la watu lililoharibika, na nilikuwa nimechoka.

"Niliifunga mie, mzee. Baba aliniona dirishani mwanzo mpaka mwisho."

"La haula," alisema. Akatikisa kichwa. "Sasa mbona aliniambia umekataa?"



Nilimtengenezea gari. Ilichukua muda, likatoka zima. Yeye akamweleza baba kwa nia njema kabisa, hilo najua, alitaka kumpongeza. Alimwambia mbele ya wazee wengine, kwenye baraza ya duka lake, kwamba Mungu amempa binti ambaye wanaume wa mjini wanampelekea kazi, na asimfiche tena. Watu wa hapo wakamcheka baba kidogo, mzaha wa wazee, kwamba alimpa kijana sifa za dada yake.

Jumapili iliyofuata nilipoingia uani baba alikuwa barazani.

"Shikamoo baba."

"Umenivua nguo barabarani," alisema.

"Mzee aliniuliza, nikamjibu."

"Ungeweza kunyamaza. Mama yako amenyamaza miaka yote na hajafa."

Nilikuwa nimebeba mkate na sukari. Niliviweka mezani, nikakaa na mama jikoni, nikala, nikaaga. Hakuitikia nilipoaga.

Nilidhani ndiyo basi, hasira itapungua. Wiki chache baadaye mama akaniambia baba amelipeleka gari kwa fundi, gari ambalo halikuwa na ugonjwa wowote. Alimwambia fundi aifungue sampo na kuifunga upya. Nilimuuliza mama mara mbili kama nimesikia vizuri.

"Alimwambia aifunge kwa mkono wa mwanaume," mama alisema. "Ndivyo alivyosema."

Ikafungwa kwa mkono wa mwanaume. Inavuja sasa. Nikienda Jumapili naiona, lile doa linakua mchangani, na baba naye ananiona naliona. Kila siku chache anamimina oili kwa faneli, anachechemea na goti lake kuzunguka gari, na watu wakimuuliza anasema magari ya automatiki hayana maana, alishasema tangu mwanzo. Kuna siku nilishika begi la vifaa kabla ya kutoka nyumbani kwangu, nikalirudisha ndani. Sio kwamba nimesamehe, wala sio kwamba nalipiza. Mkono wangu ameukataa mchana kweupe, tena baada ya kuuona unachoweza. Sijui mtu anarudishaje mkono wa namna hiyo.

Mwezi uliopita mama alikuja Mtoni peke yake. Tangu nianze kazi alikuwa hajawahi kufika. Nilimwona anavuka barabara ya Kilwa ameshika kitenge chake kwa mkono mmoja, nikaenda mbio kumpokea. Nilikuwa nafunga sampo ya teksi ya mtu. Nikampa kiti, akakataa soda, akasema niendelee, asinicheleweshee kazi. Akakaa akitazama nikiingiza bolti kwa vidole.

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo, mama."

"Mbona inaonekana ya taratibu?"

"Ndivyo inavyotaka."

Alitazama mpaka mwisho. Alipotaka kuondoka nilimuuliza kama baba anajua amekuja kwangu. Alifunga kitenge vizuri, akapangusa vumbi.

"Nimemwambia nakwenda hospitali," alisema.

Nikamsindikiza mpaka ng'ambo ya barabara, nikarudi kuendelea na kazi.